Kutoka Chuo cha Uuguzi Hadi Kituo cha Kwanza cha Kazi: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Muuguzi wa Tanzania hupita mikono mitatu kabla ya kuvaa sare ya kazi. Chuo kinampa cheti, Baraza la Uuguzi na Ukunga linampa usajili na leseni, kisha mwajiri anampa barua ya ajira. Kila mmoja kati ya hao huanza kwa kukagua karatasi za aliyemtangulia. Kwa hiyo dosari ndogo ya mwaka wa kwanza chuoni inaweza kumgharimu mtu miezi mingi baadaye, wenzake wakiwa wameshapangiwa vituo. Nimewaona wahitimu wenye uwezo, ambao mgonjwa yeyote angefurahi kuhudumiwa nao, wamekaa nyumbani kwa sababu ya herufi moja. Ninawaandikia wadogo zetu walio mwaka wa mwisho, na wazazi wanaowalipia ada, ili maandalizi yaanze mapema.

Anza na majina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na kitambulisho cha chuo, kisha usome jina herufi kwa herufi. Mara nyingi utakuta Mwanaisha huku na Mwanaasha kule, au jina la babu lipo NIDA na kwenye cheti cha NECTA halipo. Chuo kwa kawaida kilikusajili kwa majina ya kidato cha nne, kwa hiyo nyaraka nyingine ndizo zirekebishwe zifuate hilo. Marekebisho ya NIDA na RITA yanataka vielelezo na subira, na ni rahisi kuyafuatilia ukiwa bado mwanafunzi kuliko wakati tangazo la ajira limetoka na siku zinahesabika. Kama majina yanatofautiana kabisa, nenda kwa wakili mapema uandaliwe hati ya kisheria ya kubadili jina.

Halafu kuna cheti cha kidato cha nne chenyewe. Wengi waliingia chuoni na karatasi ya matokeo tu, cheti halisi kikabaki kabatini kwa mkuu wa shule. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yamekuwa yakisema wazi kwamba karatasi za matokeo hazikubaliki. Kifuate cheti chako likizo hii, ukitoe nakala, uzipeleke kwa wakili au hakimu zithibitishwe. Nakala utakazoskani zisomeke vizuri, na zihifadhiwe kwenye barua pepe yako mwenyewe. Nasisitiza "yako mwenyewe" kwa sababu wapo waliofunguliwa akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi serikalini, na kijana wa steshenari kwa barua pepe yake na nywila yake. Kijana akahama, nao wakabaki nje ya akaunti yao. Fungua mwenyewe, andika nywila kwenye daftari la nyumbani.

Kabla hujaondoka chuoni, hakikisha kitabu chako cha mafunzo kwa vitendo kimesainiwa kila ukurasa. Kumfuata msimamizi aliyehamishiwa mkoa mwingine ni safari na nauli. Zungumza pia na mwalimu mmoja na muuguzi mfawidhi wa wodi uliyofanya vizuri, uwaombe ruhusa ya kuwaandika kama wadhamini. Mtu aliyeombwa kwa heshima hukusemea vizuri akipigiwa simu.

Sasa mtihani wa Baraza, ambao ndio mlango wa usajili na leseni. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kutoa huduma ya uuguzi bila usajili na leseni hai, hata awe amefaulu chuo kwa daraja la juu kiasi gani. Maombi hufanyika mtandaoni na malipo hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Ambacho hakisamehewi ni tarehe. Ingia tovuti ya Baraza mwenyewe mara kwa mara, usitegemee tangazo litumwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kwa maana likifika huko siku nyingine limeshachelewa. Ukishalipa, tunza risiti, na orodha ya watahiniwa ikitoka, tafuta jina lako na kituo chako siku hiyohiyo. Wenye shahada wana hatua ya ziada: baada ya miaka minne darasani, unafuata mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, na maombi yake nayo yana tarehe zake.

Kuhusu kusoma, nina mawazo ambayo si kila mwalimu atakubaliana nayo. Kukariri majibu ya mitihani iliyopita kunampa mwanafunzi ujasiri wa uongo. Swali la leseni linataka kujua kama uko salama kuachwa na mgonjwa, kwa hiyo jizoeze kujibu swali moja tu katika kila hali: naanza na nini? Mama amejifungua, damu zinatoka nyingi, mfuko wa uzazi ni laini. Kuna mambo sita sahihi ya kufanya. Utaanza na lipi, na nani atakuwa anafanya la pili? Kaeni wanne watano, mmoja asome hali, wengine wataje hatua kwa mpangilio na kila mmoja aeleze sababu. Mtu akikosea mbele ya wenzake hasahau.

Hesabu za dawa zifanywe kila siku hadi mkono uzizoee. Dripu ya lita moja kwa saa 8, kwa seti ya matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 hivi kwa dakika. Au magnesiamu salfeti ya asilimia 50: unahitaji gramu 4 za kupitisha kwenye mshipa katika nguvu ya asilimia 20. Unavuta mililita 8 za dawa, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20. Hesabu hii ukiifanya kwa mara ya kwanza huku mama anapata degedege mbele yako, umechelewa.

Kati ya leseni na ajira kuna kipindi ambacho kwa wengi ni kirefu. Wahitimu ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa, na huo ni ukweli unaowaumiza vijana wengi. Kujitolea kunasaidia, ili mradi uwe na barua ya kituo inayotaja tarehe ya kuanza, wodi, na nani anakusimamia. Kujitolea bila barua, baadaye hakuna atakayekuthibitishia. Hospitali za mashirika ya dini na za binafsi nazo huajiri, na zamu zake humkomaza mtu haraka. Soma mkataba kabla ya kusaini, hasa kipengele cha saa za kazi na cha kuacha kazi. Nafasi za serikali zikitangazwa, omba kada yako haswa. Mwenye astashahada ni Muuguzi Daraja la II, mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, mwenye shahada ni Afisa Muuguzi Daraja la II. Ukiomba kwa jina la kada isiyo yako, usitarajie kuitwa kwenye usaili.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote, na ambalo maandalizi yake hayamo kwenye fomu yoyote. Kituo chako cha kwanza kinaweza kuwa zahanati ya kijiji. Ulifundishwa kwenye hospitali ya mkoa au ya rufaa, ambako wanafunzi kumi wanazunguka kitanda kimoja na daktari anaitwa kwa kengele. Zahanati mna watumishi wachache, na saa nane usiku unaweza kuwa wewe na mhudumu wa afya, na mama mwenye uchungu aliyeletwa kwa bodaboda. Kwa hiyo miezi yako ya mwisho ya mafunzo omba zamu za usiku leba. Usiridhike kuona, omba kushika, ukisimamiwa. Mkunga aliyezalisha kwa mikono yake akiwa na mwalimu pembeni hatetemeki sana akiwa peke yake.

Ukifika kituoni, siku ya kwanza kabla ya kufungua mabegi, omba kuonyeshwa chumba cha kujifungulia na ukague kwa mikono yako. Mfuko na maski ya kumpulizia mtoto hewa vipo, na saizi ya mtoto mchanga ipo? Ubonyeze uone kama unasukuma hewa. Kifaa cha kufyonza ute ni kisafi? Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua, iko kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, au imeachwa dirishani kwenye jua? Dawa iliyopoteza nguvu utaigundua wakati damu zimeshaanza kumwagika. Magnesiamu ipo, na kalsiamu glukonati ya kuizima ipo karibu nayo? Umeme ukikatika mnatumia taa gani, na nani anaichaji? Na swali ambalo wageni husahau kuliuliza: ufunguo wa stoo ya dawa usiku unakaa na nani, na nyumba yake iko wapi?

Dakika ya kwanza ya mtoto asiyelia haimsubiri mtu atafute kifaa. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yalipopelekwa katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Kiini chake kilikuwa mkaushe, mchangamshe, na kama hapumui, anza kumpulizia hewa kabla dakika moja haijaisha. Yanafanyika hata zahanati, ikiwa vifaa vimewekwa tayari kabla mama hajaanza kusukuma. Oksitosini yuniti 10 ya sindano ya msuli nayo iwe imeshavutwa, itolewe ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, ukishahakikisha hakuna mtoto wa pili tumboni.

Jua pia njia ya rufaa kabla hujaihitaji. Namba 115 ya m-mama ni ya bure, na mfumo huo hutafuta usafiri wa mama na mtoto mchanga, pamoja na madereva wa jamii pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu. Jaribu kupiga simu ukiwa ndani ya leba uone kama mtandao unashika. Vituo vingine inabidi utoke hadi chini ya mwembe. Tunza namba ya mganga mfawidhi, ya Muuguzi Mkuu wa Wilaya na ya kituo cha afya kinachofanya upasuaji. Kumwamsha mkubwa wako usiku ili kumuuliza si aibu. Mkubwa anayekasirika kuamshwa leo atakuwa amekasirika zaidi kesho kutwa kwenye kikao cha kujadili kifo cha mama. Na kila ulichofanya, andika saa ileile: patografu (chati ya maendeleo ya uchungu), faili, kitabu cha MTUHA namba 12 (rejista ya wanaojifungua). Kisichoandikwa huwezi kukitetea.

Afya yako nayo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ina dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza, kwa hiyo ianze ukiwa bado chuoni. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, toa taarifa mara moja, na anza dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, kwa siku 28 kamili. Usifiche kwa kuogopa kuonekana mzembe.

Mwisho ni fedha, ambayo vijana huona haya kuuliza. Mshahara wa kwanza unaweza usitoke mwezi uleule uliporipoti, kwa kuwa lazima kwanza uingizwe kwenye mfumo wa mishahara na upate cheki namba, yaani namba yako ya utumishi. Ondoka nyumbani na nauli, godoro, na fedha ya kula angalau miezi miwili, hata ikibidi familia ichangishane. Kwa Afisa Utumishi wa halmashauri fika ndani ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua, na vyeti halisi, leseni, namba ya NIDA, akaunti ya benki na picha ndogo. Uliza papo hapo kuhusu posho ya kujikimu, ni haki yako. Hati ya mshahara ikitoka, isome mstari kwa mstari: kodi, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, chama cha wafanyakazi, na kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kinachozidi au kinachokosekana, rudi kwa Afisa Utumishi na nakala mkononi mwezi huohuo. Ukiwa hapo, andika kwenye simu tarehe ya kuisha kwa leseni yako na uanze kukusanya alama za mafunzo endelevu, maana Baraza litazihitaji utakapoihuisha.