Kuvuta trela ndogo ya kempu na gari ya zamani hapa Uganda

Watu wakiona Beetle au Morris Minor inavuta trela wanauliza kitu kimoja tu, itapanda? Itapanda bana, polepole lakini itapanda. Swali la kuuliza ni kama itasimama ukikuta boda imekata mbele yako pale Lugazi, kwa sababu hizi gari zilitengenezwa na breki za dramu zisimamishe gari yenyewe na watu wake, sasa wewe umeongeza mzigo nyuma ambao hauna breki kabisa.

Kwa hivyo anza na kilo. Beetle 1300 iko karibu kilo 800, Morris Minor karibu hapo hapo. Ulaya kanuni yao ni trela isiyo na breki isizidi nusu ya uzito wa gari, yaani hapa ni kilo 400, lakini kwa milima yetu na matuta yetu mimi nasema ishia 300, na hiyo 300 ni trela, hema, godoro, jiko, kreti ya soda, kila kitu. Maji ndio yanadanganya watu, jerikeni moja ya lita 20 ni kilo 20, beba tatu na tayari umepakia mtu mzima. Beba jerikeni tupu, maji utachota ukifika. Kama hujui vitu vyako vina uzito gani, peleka kwa wale wanunuzi wa kahawa wenye mizani ya kuning'iniza, watakupimia vyote dakika chache.

Sasa chuma cha kuvutia. Katwe hapa Kampala utapata mafundi wa kuchomelea wanaojua kazi kweli kweli, lakini ukimwacha fundi peke yake atakuchomelea ile goroli ya chuma (mpira wa chuma unaoshikwa na trela) kwenye bampa, na bampa ya gari ya zamani ni urembo tu. Mwambie chuma kishike chasisi, kwa Beetle ni zile pembe mbili za nyuma zinazobeba giaboksi na injini. Alafu afunge kwa boliti asichomelee, maana injini ya Beetle inatolewa kwa kushushwa chini, ukichomelea chuma hapo siku ya kubadilisha klachi utakata kila kitu upya. Goroli iwe milimita 50 na kichwa cha trela kinachoikalia kiwe cha saizi hiyo hiyo, usikubali "inaingia ingia". Mnyororo wa usalama weka miwili, ipishane kama X chini ya kichwa cha trela, ili trela ikichomoka kichwa kidakwe na minyororo kisichimbe lami. Isiburute chini lakini iwe na nafasi ya kukata kona.

Kitu ambacho wengi wanaruka ni uzito wa pua ya trela, yaani kilo ngapi zinakalia ile goroli. Kwa hizi gari ndogo tafuta asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wote, kwa trela ya kilo 300 ni kilo 15 mpaka 21. Kupima ni rahisi, chukua mizani ya kupimia watu, kama zile za vijana wa barabarani mjini, weka tofali au kipande cha mbao juu yake pua ikae kwa urefu ule ule inaokaa kwenye gari, trela ikiwa imepakiwa yote, soma namba. Ikiwa chini ya hapo sogeza vitu vizito mbele, ikizidi rudisha nyuma kidogo. Vizito vikae chini na juu ya ekseli, nyuma kabisa weka mablanketi tu. Pua nyepesi sana trela inacheza kama mkia, pua nzito sana kwa Beetle ni mbaya vilevile kwa sababu injini iko nyuma tayari, unakandamiza nyuma, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na kona za Kabale hazitaki usukani mwepesi.

Taa. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni volti 6, kwa hiyo usinunue taa za trela za volti 12 ukashangaa hazimuliki. Zenye volti 12 weka taa za LED kwenye trela, hazili moto mwingi na dainamo yako ya zamani, ile inayochaji betri, itakushukuru. Indiketa zikianza kuwaka na kuzima haraka haraka au zikigoma baada ya kuunganisha trela, badilisha ile flasha, kidude kinachowasha na kuzima indiketa, uweke ya kubeba taa nyingi. Waya wa ardhi upitishe kwenye plagi, usitegemee goroli ipitishe umeme, ina grisi na vumbi.

Tairi za trela kama unaweza zifanane na za gari, rimu moja, boliti zile zile, basi speya moja inatosha zote. Angalia zile namba nne pembeni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, tairi ya kempu mara nyingi ina kashata nzuri lakini mpira umekauka kwa kukaa juani. Ukiwa umeenda kama kilomita 50 simama, kaza nati tena, alafu gusa katikati ya gurudumu na mkono. Vuguvugu ni sawa. Kama inachoma, beringi haina grisi au imekazwa sana.

Kabla ya safari badilisha mafuta ya breki, ya zamani yanafyonza maji na maji yakichemka kwenye mteremko pedo inazama bure. Kaza dramu zote nne. Gari nyingi za miaka hiyo zina mfumo mmoja tu wa breki, paipu moja ikipasuka huna kitu, kwa hiyo zile paipu za mpira zikiwa na nyufa nenda Kisekka, soko la spea Kampala, nunua mpya, usibishane. Na wenye Beetle, taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani simama hapo hapo usisubiri petroli stesheni, kwa sababu belti inayozungusha dainamo ndiyo inazungusha feni ya kupoza injini. Beba belti ya ziada, spana ya 21 na bisibisi ya kuzuia puli, kazi yenyewe hata robo saa haifiki.

Barabarani, kilomita 60 mpaka 70 kwa saa inatosha. Wenye haraka wapishe. Injini ya nguvu za farasi 40 ukifika Kabale karibu mita 2,000 juu imepoteza karibu moja ya tano kwa sababu hewa ni nyepesi, basi panda na gia ya tatu au ya pili bila aibu. Kushuka, ingiza gia ndogo KABLA ya mteremko, injini ishike gari, breki uguse na kuachia usiikalie. Ukisikia harufu ya kuungua tafuta pa kusimama, na usimwage maji kwenye dramu ya moto.

Pale Lwera kwenye barabara ya Masaka pamenyooka na mabasi yanapita kwa kasi, basi likikupita upepo unasukuma trela kwanza alafu unaivuta. Trela ikianza kuyumba shika usukani unyooke, toa mguu kwenye mafuta taratibu, acha ijitulize. Usikanyage breki ghafla, usiongeze mafuta, wala usipigane na usukani kushoto kulia. Matuta vuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kumbuka kuna tuta la pili, la trela.

Kurudi nyuma shika usukani kwa chini, mkono ukienda kulia trela nayo inaenda kulia. Jifunze uwanjani asubuhi bila watu, sio langoni kwa mbuga ya Lake Mburo foleni ikiwa nyuma yako.

Na safari ya kurudi nyumbani ndiyo inaharibu hesabu yote. Mmetoka kempu mkiwa vizuri, mkafika Lyantonde mtu akaona matoke bei ya chini, mwingine akataka gunia la makaa, mnasukuma vyote mlango wa nyuma wa trela kwa sababu ndio uko wazi, na mbele jiko na chakula vimeshapungua. Pua sasa inaelea. Mkitaka kununua nunueni, lakini fungueni trela mpange upya, mikungu ije mbele ya ekseli, mablanketi yarudi nyuma, na makaa kama mizani inakataa yaacheni, yanauzwa hata Kampala.