Kompyuta inakuwa nzito ukichomeka chaja: sikiliza taarifa ya 80 kwanza

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Chumbageni aliniletea kompyuta yake hapa Ngamiani. "Fundi, kwa betri inakimbia, nikichomeka chaja inatambaa." Nikasafisha feni, nikabadili pasta ya joto, nikapiga Windows upya. Maghrib ikaadhiniwa, kompyuta bado kobe. Nilipaswa kuanza na taarifa ya 80, ile ambayo bodi huituma kusema kikomo cha kasi ya prosesa kimebadilika. Ungefuata hatua hizi ungemaliza kabla chai haijapoa.

1. Washa kwa flashi ya Ubuntu. Kwa kazi hii Windows siitaki: itakuonyesha tukio namba 37, kwamba bayosi (programu ya ndani ya bodi) imebana kasi ya prosesa, basi.

2. Fungua terminali, andika `sudo apt install acpid`, kisha `acpi_listen`, amri inayoonyesha taarifa za bodi zinapoingia. Iache wazi.

3. Chomeka chaja huku unatazama. Hapa ndipo nilipopotea, kwa hiyo twende taratibu. Mstari wa `ac_adapter` unasema tu chaja imeingia au imetoka, usikuzubaishe. Unaoutafuta unaanza na `processor`, na una namba. 80 ni kikomo cha kasi kimebadilika. 81 ni ngazi za usingizi wa prosesa. 82 ni kiwango cha kuibana mapigo.

Taarifa yenyewe haibebi kasi mpya. Ni hodi tu. Keneli, yaani moyo wa Linux, ikisikia 80 inarudi kwenye majedwali ya ACPI (maelezo ya bodi ambayo bayosi huupa mfumo) kuuliza `_PPC`, inajibiwa namba: 0, ngazi zote za kasi ruksa, 3, ngazi tatu za juu zimefungwa. Kwa 81 inasoma `_CST`, kwa 82 `_TPC`. Ukiona mistari minne ya 80 kwa mpigo usishtuke, huenda kila kiini kimebishiwa hodi yake. Na usipoona hata mmoja usikimbilie kusema bodi ni nzima: kama uliwasha chaja ikiwa tayari imechomekwa, kikomo huenda kiliwekwa kabla keneli haijaamka, na hakuna cha kutangaza. Chomoa, subiri kidogo, chomeka tena. Mimi hili lilinila saa tatu nzima.

4. `cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/bios_limit`. Hapo unasoma kikomo chenyewe, kwa kHz. Ya mwalimu ilisoma 800000, yaani MHz 800. Faili likikosekana, dereva wa kasi ya prosesa ni mwingine, mathalani intel_pstate; hilo huletwa na acpi-cpufreq.

5. Azima chaja halisi ya kompyuta hiyo, ujaribu. Ya mwalimu ilikuwa kopi: sindano ya katikati, ambayo chaja hujitambulishia, ilikuwa haisemi kitu, na bodi isipoijua chaja inajihami. Kwa chaja ya kuazima, 80 ikagonga tena na kikomo kikapanda.

Wapo watakaokwambia uweke `processor.ignore_ppc=1` kwenye amri za kuwashia keneli. Keneli itapuuza kikomo, kweli, lakini chaja dhaifu ndiyo itakayobeba mzigo. Mimi naitumia dakika mbili za kuhakikisha tatizo, kisha naitoa. Mteja simwachii hivyo, hata akisema hela ya chaja hana.