Unamwandikia nani hilo shairi?

Kuna watu watakwambia mshairi wa kweli haandikii mtu, anaandika roho yake basi. Maneno matamu ila hayakusaidii ukiwa umekaa na karatasi tupu. Mi nasema hadhira iwepo, ila iwe ndogo. Tena mtu mmoja, mwenye jina.

Cheki Mwana Kupona, yule mama mshairi wa zamani, 1858 huko, anaumwa mwaka mzima, anamwita binti yake asogee achukue wino na karatasi amwambie yaliyo moyoni. Hakuwaza wasomi wa chuo kikuu, na bado mpaka leo tunausoma huo utendi wake, yaani shairi refu la mawaidha, wengine wanayapinga kabisa mambo ya mke na mume mle ndani, lakini wanausoma.

Sasa fanya hivi. Kabla ya ubeti wa kwanza chagua mtu, dogo lako, ex wako, mwenye nyumba, yeyote. Tuseme unataka kuhimiza vijana. Ukiwaza "vijana wote" utatoa kitu kama:

Vijana tuamkeni, taifa letu laita

Mizani, yaani hesabu ya silabi, imetimia, nane kwa nane, ila nani ataamka hapo? Mgeuzie mdogo wako anayelala mpaka jua kali:

Juma saa nne hii, na bodaboda yalala

Mizani ni ileile, ila hapa kuna mtu, na kila mwenye Juma wake nyumbani atacheka.

Ukishamaliza rasimu ndo uwaze hadhira kubwa, sio kabla. Soma kwa sauti, maana shairi letu ni la sikio, ukikwama kwenye kipande ujue msikilizaji naye atakwama. Kama ni la jukwaani kituo, ule mstari wa mwisho wa ubeti, kiwe chepesi watu waweze kukiitikia, kama ni la kusomwa kimya unaweza kufumba zaidi, msomaji ana muda wa kurudi nyuma. Ila usilifafanue shairi ndani ya shairi kisa unaogopa hawataelewa, hapo unawadharau na ubeti unageuka hotuba.

Malumbano, yaani washairi kujibizana kwa mashairi, ni kesi nyingine kabisa, pale hadhira ni mpinzani wako na lazima umfikirie kila neno, mshairi Muyaka wa Mombasa alivyorushiana beti na watu wa Lamu enzi za vita vyao alijua fika kuna mtu upande wa pili anasubiri kumjibu.

Na kama huna mtu wa kumwandikia? Mshairi Abdilatif Abdalla wa Kenya alifungwa jela 1969 mpaka 1972, akawa anaandika mashairi kwenye karatasi za choo, bila hata uhakika kama kuna atakayesoma, na kitabu cha mashairi hayo kikatoka 1973. Kwa hiyo kukosa wasomaji sio kisingizio bwana, jiandikie mwenyewe.

Mwisho mpe yule uliyemchagua asome wa kwanza. Akikuuliza "hapa si umenisema mimi?", kataa katakata.