Kupanda Ngosi: namna ya kuliona ziwa kabla ukungu haujalifunika

Wengi hurudi kutoka Ngosi bila kuliona ziwa, na kosa karibu kila mara ni moja: walichelewa. Ziwa limelala ndani ya kasoko, yaani shimo kubwa la volkano, katika milima ya Poroto, kusini mwa jiji la Mbeya. Ukingo wa kasoko uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua likishapasha mabonde, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, na hugeuka ukungu pale pale ukingoni. Panga uwe juu saa tatu asubuhi, ikizidi sana saa nne.

Basi uwe barabarani saa kumi na mbili. Panda gari la Tukuyu ushukie Isongole, karibu nusu ya njia. Kutoka lami hadi msitu unapoanza ni kilomita kadhaa za vumbi, au tope, kulingana na msimu. Chukua bodaboda, patana bei ya kwenda na kurudi, na nusu ya pili uilipe ukisharudishwa. Kijijini lipia ada ya kuingia, dai stakabadhi, kisha tafuta mwongozaji. Vijia vya waokota kuni hukatiza njia kuu, na ukungu ukishuka vyote hufanana.

Kupanda huchukua saa moja hadi moja na nusu. Mwanzo ni rahisi. Mwinuko mkali uko mwishoni, kwenye mianzi, na hapo ndipo waliokimbia mwanzoni huanza kutweta. Nenda mwendo unaokuwezesha kuzungumza bila kukata pumzi. Beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, koti la mvua hata kama anga ni jeupe, na sweta la kuvaa ukifika, maana jasho hupoa haraka huko juu. Viatu viwe na meno: udongo wa majivu ya volkano ukilowa huteleza kama sabuni. Suruali ndefu pia, kwa sababu ya majani ya kuwasha kando ya njia. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri, ingawa asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali. Machi na Aprili heri uahirishe.

Punguzeni sauti mkishaingia msituni. Mbega weusi kwa weupe hukaa juu ya miti mikubwa, na mara nyingi utasikia matawi yakitikisika kabla hujawaona. Simama, usiwanyooshee kidole, ngoja. Kinyonga wa pembe tatu wa Poroto anahitaji subira zaidi. Mtafute kwenye vichaka vya pembeni, usawa wa kifua, jua likishapata nguvu kidogo. Usimshike wala usimhamishe: mnyama huyu hapatikani popote duniani nje ya milima ya eneo hili.

Ziwa halionekani mpaka hatua ya mwisho kabisa. Likiwa limefunikwa, usigeuke. Vaa sweta, kaa nusu saa, maana upepo huweza kulifunua ghafla, maji ya kijani yakiwa mbali chini yako. Usisogee kwenye ukingo wenye majani marefu, kwa kuwa huenda chini yake hamna ardhi. Kushuka hadi majini hatukushauri: ukuta wa kasoko ni karibu wima, na kuokoa mtu pale ni kazi ya siku nzima.

Jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi: eneo hili la Rungwe lina matundu yanayotoa kaboni dioksidi. Gesi hii haionekani, ni nzito kuliko hewa, na hutuama mabondeni. Ndiyo ile ile ambayo watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, huiita mazuku. Usipumzike wala kulala ndani ya shimo au kijibonde, hasa kukiwa hakuna upepo. Ukiona ndege au wadudu waliokufa hapo, ondoka, panda mahali pa juu.

Anza kushuka kabla ya saa saba mchana. Hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, fimbo mbele.