Namna ya Kuandika Historia ya Uwanja wa Mpira wa Mji Wenu: Mfano wa Afraha, Nakuru

Viwanja vingi vya mpira katika miji ya Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya havina historia iliyoandikwa kwa utaratibu, na kinachopatikana mara nyingi ni aya moja inayotaja idadi ya mashabiki wanaoweza kuketi na jina la timu ya nyumbani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu, kiongozi wa chama cha mashabiki au kijana yeyote anayetaka kuijaza nafasi hiyo, na mfano mkuu utakuwa Uwanja wa Afraha, Nakuru. Ushauri wangu wa kwanza, ambao yote yanayofuata yanautegemea, ni kwamba uanze na matumizi ya uwanja kabla ya kugusa ujenzi wake. Majukwaa hubomolewa na kujengwa upya, lakini mambo ambayo watu walikusanyika hapo kuyafanya ndiyo yanayoeleza kwa nini mji uliuhitaji uwanja.

Chukua daftari kubwa na ulichore safu nne: tarehe, tukio, walioliandaa, na mahali ulipopata habari hiyo. Safu ya nne usiiache wazi hata mara moja. Anza na matukio yaliyotangazwa sana, kwa kuwa hayo yatakuwa nguzo za kupimia mengine. Kwa Afraha, mwandishi anaweza kuandika mara moja tarehe 2 Desemba 2012, siku ambayo Uhuru Kenyatta na William Ruto walitangaza hapo muungano wao kuelekea uchaguzi wa 2013. Kisha tarehe 16 Aprili 2016, walipofanya mkutano wa maombi na shukrani baada ya kesi zao katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kukoma. Kisha tarehe 1 Juni mwaka huohuo, Sikukuu ya Madaraka ilipoadhimishwa Nakuru badala ya Nairobi ilikozoeleka.

Sikukuu za kitaifa zinastahili kufuatiliwa kwa makini zaidi kuliko mikutano ya siasa, kwa sababu mara nyingi huja na rangi mpya, majukwaa, vyoo na barabara za kuingilia, na kwa hiyo huonyesha miaka ambayo zabuni na malipo yanafaa kutafutwa. Bukhungu ya Kakamega iliandaa Siku ya Mashujaa mwaka 2018, uwanja wa Mamboleo, Kisumu, ukaandaa Madaraka mwaka 2021, Kanduyi, Bungoma, mwaka 2024, na Homa Bay mwaka 2025. Mwandishi wa mojawapo ya miji hiyo anayo tarehe ya kuanzia bila kuhangaika.

Mpira wenyewe unahitaji tahadhari moja. Nakuru AllStars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1963, wakarudia mwaka 1969, na Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyofanya Afraha kuwa nyumbani kwa miaka mingi, ilitwaa ubingwa mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010. Ni rahisi kuandika kwamba vikombe hivyo vyote "vilinyakuliwa Afraha", ilhali ubingwa wa ligi hujengwa katika viwanja vingi na huenda ukakamilika ugenini. Tafuta ratiba na matokeo ya kila msimu, kisha uandike mechi zile tu ambazo una uhakika zilichezwa katika uwanja wako.

Yako pia matumizi ambayo hakuna aliyeyapanga, na hapa ndipo historia nyingi za viwanja hunyamaza. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, Afraha ilihifadhi familia zilizofukuzwa makwao, kama ilivyokuwa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini humo. Tarehe 18 Oktoba 2025, uwanja wa Mamboleo ulipokea umati uliokwenda kuutazama mwili wa Raila Odinga kabla ya mazishi yake Bondo. Matukio ya namna hii yaandikwe kwa urefu uleule unaopewa fainali ya kombe, na kwa maoni yangu kwa urefu zaidi.

Baada ya daftari kupata umbo, nenda kwenye nyaraka. Kabla ya mwaka 2013 viwanja vya aina hii vilisimamiwa na mabaraza ya manispaa au ya miji, na baada ya uchaguzi wa Machi mwaka huo majukumu yakahamia serikali za kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya michezo na vifaa vyake. Hivyo utauliza kumbukumbu za baraza na pia za kaunti. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kutozwa ada ya maombi, ingawa gharama ya kunakili inaweza kudaiwa, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Barua iwe fupi na iombe vitu mahususi: kumbukumbu za mikutano ya kamati iliyohusika na uwanja katika miaka fulani, daftari la kukodisha uwanja, ramani ya upimaji wa ardhi. Anayeomba "habari zote kuhusu uwanja" kwa kawaida hurudi mikono mitupu.

Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo matoleo yake ya zamani yanasomeka kwenye intaneti, litakusaidia kwa matangazo ya ardhi na ya mabaraza. Kwa magazeti ya kawaida, Maktaba ya McMillan, Nairobi, inatunza mengi ya zamani, na Idara ya Nyaraka za Taifa hupaswi kuiruka. Ukarabati wa miaka ya karibuni una njia yake: miradi mikubwa hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na ripoti zake huwekwa wazi kwa umma kupitia NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Humo utakuta vipimo, ramani na maelezo ya hali ya uwanja kabla ya tingatinga kuingia.

Unapotafuta, jihadhari na majina. Afraha ni jina la uwanja na pia la shule ya sekondari ya Nakuru. Kisumu ina Uwanja wa Moi, na watu wengi wasemapo "Moi" humaanisha Kasarani, Nairobi. Ina Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, na ina uwanja wa wazi wenye jina la Kenyatta katikati ya jiji, tofauti na ule wa Machakos. Katika mashindano ya CECAFA, ya timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, ya mwaka 2017, nusu fainali zilichezwa Uwanja wa Moi, Kisumu, na fainali, ambayo Kenya iliishinda Zanzibar kwa mikwaju ya penalti, ikachezwa Uwanja wa Kenyatta, Machakos. Asiyeandika jina la mji kando ya jina la uwanja atayachanganya hayo yote.

Kazi nzito, na tamu, ni kuzungumza na watu. Wachezaji wa zamani watatafutwa na kila mtu, kwa hiyo anza na wengine: aliyekata nyasi, aliyechora mistari kwa chokaa, mama aliyeuza njugu na mayai getini, aliyekusanya kiingilio, dereva wa gari la matangazo, mwalimu aliyefundisha watoto gwaride la sikukuu. Mchuuzi anazikumbuka siku zilizojaa watu vizuri kuliko anavyozikumbuka katibu wa chama, maana mauzo yake yalizitegemea. Usimwulize mzee "ilikuwa mwaka gani?", kwa kuwa atakupa mwaka ili akuridhishe. Mwulize kama lilitokea kabla au baada ya Moi kuingia madarakani mwaka 1978, kabla au baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kabla au baada ya Gor Mahia kutwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Majibu ya watu watatu wasiokaa pamoja yakikutana, andika. Yakipishana, andika yote na utaje kila mmoja alisimama wapi uwanjani.

Kabla ya kuwasha kinasa sauti, eleza kazi unayoifanya na uombe ridhaa, ikiwezekana kwa maandishi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watu. Waliohifadhiwa uwanjani mwaka 2008 wasibanwe kusema, na majina yao yasitokee bila idhini yao. Picha nazo zina mwenyewe: kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya picha hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, kwa kufuata tarehe iliyo ya mwisho kati ya hizo.

Nenda pia uwanjani na utepe wa kupimia, baada ya kumwomba msimamizi ruhusa. Sehemu ya kuchezea inayopendekezwa kwa mechi kubwa ni mita 105 kwa 68, na ikiwa ya kwenu ni fupi, chunguza kama imebanwa na njia ya riadha ya mita 400 au na jukwaa lililoongezwa. Piga picha za kila upande, pamoja na mageti, vyoo na ukuta wa nje, na uandike tarehe.

Hatimaye, unapoandika, panga sura kwa matumizi: mpira, riadha na michezo ya shule, sherehe za serikali, siasa, ibada, maafa na misiba. Ujenzi upewe sura yake baada ya hizo, na mwaka wa kufunguliwa uingie pale tu nyaraka mbili zisizonakiliana zinapoutaja. Chapisha nakala chache, uwapelekee waliokueleza kwanza ili wakusahihishe, kisha uweke moja katika maktaba ya umma ya mji, moja katika ofisi ya michezo ya kaunti, na nyingine katika chuo kikuu kilicho karibu, kama Egerton kwa watu wa Nakuru au Maseno kwa watu wa Kisumu, pamoja na rekodi za mahojiano ambazo wenyewe wamekubali zihifadhiwe.