Kutoka karatasi ya mahudhurio hadi ACF-700: jinsi ya kuandaa ripoti za mwaka za ruzuku ya malezi ya watoto kwenye kabila la Marekani

Nipo Oklahoma, kwenye ofisi ya malezi ya watoto ya serikali ya kabila moja la Wamarekani wa asili. Kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kuchukua karatasi za mahudhurio, leja za malipo na mafaili ya wazazi, na kuzitoa upande wa pili zikiwa ripoti ya fomu ACF-700 inayokwenda Washington kwa ACF, idara ya serikali kuu ya watoto na familia. Naandika kwa Waswahili wenzangu mlioajiriwa juzijuzi kama wahasibu au makarani wa takwimu kwenye ofisi za namna hii, na kwa walezi wa nyumbani mnaolipwa kwa ruzuku hiyo.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu ukisema kabila, mtu anawaza lugha na mila. Hapa kabila ni serikali. Lina baraza lake, lina sheria zake, mengi yana mahakama na polisi, na kwenye mpango huu linapokea fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu bila kupitia jimboni. Makabila yanayotambuliwa hivyo ni zaidi ya 570. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini ripoti inatoka kwenu na si kwa gavana, na kwa nini namba mbovu inakuwa aibu ya serikali nzima iliyokuajiri.

Fedha zinatoka kwenye Mfuko wa Malezi na Maendeleo ya Watoto, ambao kila mtu ofisini huuita CCDF. Sheria yake ni ya mwaka 1990 na ilifanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2014. Inasaidia familia za kipato cha chini kulipia malezi ya watoto walio chini ya miaka 13 wakati wazazi wako kazini au masomoni. Kanuni zake ziko kwenye 45 CFR, yaani juzuu ya 45 ya mkusanyiko wa kanuni za serikali kuu, sehemu ya 98. Chapisha sehemu hiyo, hasa vifungu kuanzia 98.80 vinavyohusu makabila, uiweke mezani.

Hatua ya 1: Uliza kama ninyi ni "477"

Kabla hujafungua fomu yoyote, muulize mkurugenzi swali hili moja. Sheria ya Umma 102-477 inaruhusu kabila kuunganisha ruzuku kadhaa za ajira, mafunzo na huduma chini ya mpango mmoja. Kabila lililoweka fedha za malezi ya watoto humo halitumi fomu za kawaida za CCDF. Linaripoti kwa fomu za 477, kupitia Bureau of Indian Affairs, ofisi ya masuala ya Wamarekani wa asili iliyo chini ya wizara iitwayo Department of the Interior. Kama ndiyo hali yenu, hatua ya 3 na ya 4 bado zitakufaa, lakini fomu nitakazozitaja si zenu.

Kama si 477, una ripoti mbili kuu za mwaka. ACF-700 ni ya watoto na familia, na mwisho wake ni Desemba 31. ACF-696T ni ya fedha, na mwisho wake ni Desemba 29, yaani siku 90 baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Mwaka wa fedha wa serikali kuu ni Oktoba 1 hadi Septemba 30. Aliyezoea Julai 1 ya Tanzania au Kenya abandike tarehe hizo ukutani.

Tahadhari: ukitafuta mtandaoni utakutana na ACF-800 na ACF-801. Hizo ni za majimbo. Nimemwona karani akipoteza wiki mbili akijaza taarifa za mtoto mmoja mmoja ambazo kabila halidaiwi.

Hatua ya 2: Tenganisha namba mbili za watoto

Hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Namba ya kwanza ni idadi ya watoto wote wa Wamarekani wa asili walio chini ya miaka 13 wanaoishi kwenye eneo lenu la huduma. Kabila linaithibitisha lenyewe, na ndiyo inayotumika kukokotoa mgawo wa fedha. Ili kabila liombe peke yake linahitaji angalau watoto 50. Likiwa na pungufu linaungana na mengine. Mtoto mmoja hahesabiwi na makabila mawili, na huku Oklahoma, ambako maeneo ya makabila yanapandana, hilo linahitaji makubaliano ya maandishi na majirani.

Namba ya pili ni watoto waliohudumiwa kweli kwa fedha hizo ndani ya mwaka. Hii ndiyo ya ACF-700.

Mwaka wangu wa kwanza nilirithi faili ambalo namba ya kwanza ilikuwa imenakiliwa mahali pa ya pili. Kabila lilionekana limelea kila mtoto wake, huku leja ikionyesha malipo ya sehemu ndogo tu. Kuirekebisha kulichukua barua, simu na miezi. Tangu siku hiyo namba hizi mbili ninazihifadhi kwenye mafaili mawili tofauti yenye majina marefu ambayo hayawezi kuchanganywa.

Hatua ya 3: Simamia karatasi ya mahudhurio

Ripoti ya Desemba inaandikwa kila asubuhi mlangoni kwa mlezi. Wewe wa ofisini unaikusanya tu.

Chukua karatasi ya mwezi mmoja uiangalie kwa makini. Nikiona safu nzima imeandikwa kwa kalamu ileile, kwa mwinamo uleule, saa 8:00 hadi 5:00 kila siku pamoja na Alhamisi ya sikukuu ya Thanksgiving, najua imejazwa jioni ya mwisho wa mwezi. Karatasi ya kweli haina unadhifu huo: 7:42, 7:55, siku moja haina kitu kwa sababu mtoto alikuwa na homa, kwingine mjomba ndiye aliyesaini kumchukua. Simtuhumu mlezi. Nampigia simu siku hiyohiyo wakati bado anakumbuka, narekebisha mbele yake, sote wawili tunasaini.

Kwa walezi wanaozungumza Kiswahili nina ombi moja. Andikeni saa za Kimarekani. Niliwahi kupokea karatasi ya mama mmoja, mlezi hodari kweli, iliyosomeka 1:40 hadi 11:15. Nilielewa mara moja kwamba ni saa moja na dakika arobaini asubuhi hadi saa kumi na moja na robo jioni. Jumla ya saa ilikuwa sahihi kabisa, saa 9 na dakika 35. Lakini mkaguzi asiyejua hesabu yetu ya saa angesoma kwamba mtoto aliletwa usiku wa manane. Tuliiandika upya pamoja: 7:40 hadi 5:15.

Kwenye faili la kila mtoto hakikisha mambo haya yapo tangu siku ya kusajiliwa: tarehe ya kuzaliwa, uthibitisho kwamba ni mtoto wa asili kwa tafsiri ya kabila lenu, makazi, kipato cha familia na ukubwa wake, sababu ya kuhitaji malezi (kazi, masomo, vyote viwili, au ulinzi wa mtoto), aina ya malezi, mchango wa mzazi na kiasi mnachomlipa mlezi. Hayo ndiyo fomu itakayokuuliza, ila itayataka kwa jumla. Majina ya watoto hayaendi Washington.

Hatua ya 4: Kila mtoto mara moja

Tuseme mama ana watoto watatu. Mdogo alilelewa na bibi yake kuanzia Oktoba hadi Februari, na Machi akahamia kituoni. Kwenye leja anaonekana mara mbili, kwa jina la bibi na kwa jina la kituo. Kwenye ripoti ni mtoto mmoja. Na familia ni moja, si tatu.

Njia yangu ni kumpa kila mtoto namba ya kudumu asiyobadilishiwa akihama mlezi, akiacha huduma au akirudi. Kisha kwenye Excel naondoa namba zinazojirudia ndipo nahesabu. Usiondoe kwa jina. Watoto wawili wa binamu wanaweza kuwa na jina moja la babu, na jina moja linaweza kuandikwa kwa herufi za namna tatu.

Kumbuka pia kwamba familia ikikubaliwa inabaki na haki ya ruzuku kwa miezi 12. Kwa hiyo daftari la waliokubaliwa ni refu kuliko orodha ya waliohudumiwa. Mtoto aliyekubaliwa lakini hakuwahi kulipiwa hata mwezi mmoja simweki kwenye hesabu ya waliohudumiwa.

Wastani nao una mtego wake. Mtoto A alilelewa miezi 12, saa 160 kila mwezi. Mtoto B miezi 3, saa 80 kila mwezi. Karani wa haraka anajumlisha 160 na 80, anagawa kwa 2, anapata 120. Mimi nahesabu miezi: saa 1,920 za A na 240 za B ni 2,160, gawa kwa miezi 15 ya huduma, unapata saa 144 kwa mwezi. Fanya hivyohivyo kwa malipo ya ruzuku na mchango wa mzazi. Soma maelezo ya fomu ya mwaka husika kabla ya kuanza, na andika pembeni mwa jedwali ni njia gani umetumia, ili atakayekuja baada yako asilazimike kukisia.

Hatua ya 5: Fedha, mwaka kwa mwaka

ACF-696T hujazwa kwa kila ruzuku ya mwaka ambayo bado haijaisha, kwa hiyo ni kawaida kutuma zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Ruzuku ya mwaka wa fedha 2023, kwa mfano, ilitakiwa iwe imeingia kwenye mikataba na ahadi za malipo kufikia Septemba 30, 2024, na kulipwa yote kufikia Septemba 30, 2025. Kisichotumika kwa wakati hakibaki kwenu. Ujenzi na ukarabati mkubwa una muda wake mrefu zaidi na ripoti yake, na jengo likishasimama kuna fomu ya mali ya kujazwa kila mwaka.

Gharama za utawala zisizidi asilimia 15. Uboreshaji wa malezi upate angalau asilimia 9. Makabila yenye mgawo wa kati na mkubwa yanaongeza asilimia 3 kwa ajili ya watoto wachanga na wanaoanza kutembea. Lakini kila mgawo una kiasi cha msingi (base amount, sehemu isiyotegemea idadi ya watoto), na kiasi hicho hakiingii kwenye ukomo wa utawala wala kwenye sharti la uboreshaji. Ukikijumuisha utapata asilimia za uongo. Kama nje ya kiasi cha msingi mmetumia dola 400,000, utawala usivuke dola 60,000 na uboreshaji usipungue dola 36,000.

Nakuomba kwa dhati: usingoje Desemba kugawa gharama. Ankara ikiingia, mhasibu aiandikie fungu lake siku hiyohiyo. Mafunzo ya huduma ya kwanza kwa walezi yakiandikwa kama utawala kwa mazoea tu, kabila linaonekana limevuka ukomo wakati kazi ilikuwa njema na fungu lake lipo.

Hatua ya 6: Maelezo

ACF-700 ina sehemu ya maelezo, na watu wanaijaza kwa sentensi mbili. Naona ni kuwanyima haki watoto. Jedwali linasema watoto wangapi, halisemi kwamba mlezi mmoja anawafundisha nyimbo za lugha ya kabila ambayo wazee wanaoizungumza wanapungua kila mwaka. Nenda ukae kituoni asubuhi moja. Andika ulichokiona, kilichofanywa kwa fedha za uboreshaji, walezi wangapi walipata mafunzo, na kilichokwama. Usiandike ahadi. Andika kilichofanyika ndani ya mwaka.

Hatua ya 7: Linganisha, tuma, hifadhi

Kabla ya kutuma, keti na mhasibu. Zidisha wastani wa ruzuku kwa mwezi kwa jumla ya miezi ya huduma, mlinganishe na malipo ya walezi kwenye leja ya mwaka huohuo. Hazitalingana hadi senti, kwa sababu malipo ya Septemba mara nyingi hutoka Oktoba. Ila zikipishana sana kuna kitu kimeingia mara mbili au kimeachwa. Mimi hufanya hivi wiki ya kwanza ya Desemba, si ya mwisho.

Hakikisha mapema kwamba mwenye mamlaka ya kuthibitisha ripoti bado ana akaunti inayofanya kazi kwenye mfumo wa kutuma. Baraza likibadilika kwa uchaguzi, akaunti hufa kimyakimya, na utagundua jioni ya Desemba 29. Ukishatuma, hifadhi nakala na uthibitisho wa kupokelewa.

Kabila linalotumia jumla ya dola 1,000,000 au zaidi za serikali kuu kwa mwaka linafanyiwa ukaguzi wa pamoja (Single Audit, ukaguzi mmoja wa fedha zote za serikali kuu). Kiwango kilikuwa dola 750,000 kabla ya miaka ya fedha iliyoanza Oktoba 1, 2024. Mkaguzi atachagua mafaili machache na kufuata kila moja kutoka kwenye ripoti kurudi hadi saini ya asubuhi. Kwa hiyo panga mafaili kwa namba ya mtoto ileile ya hatua ya 4.

Kumbukumbu zinahifadhiwa angalau miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha ya ruzuku hiyo ilipotumwa, wala si tangu mtoto alipoacha huduma. Kila boksi naliandikia ubavuni kwa kalamu nene mwaka wa ruzuku, tarehe ripoti ya mwisho ilipotumwa, na tarehe ya mapema zaidi ya kuliharibu. Kama kuna ukaguzi au madai yaliyofunguliwa kabla ya tarehe hiyo, nabandika karatasi nyekundu juu yake, na boksi halisogei mpaka jambo limalizike.