Kutafuta resonansi katika maangamizano ya protoni na antiprotoni, hatua kwa hatua

Wanafunzi wa fizikia hapa Unguja na Pemba huniuliza kama mtu anaweza kufanya kazi ya chembe bila kuwa na mashine ya CERN. Anaweza. Unahitaji kompyuta mpakato, Python na subira. Tutakachotafuta ni resonansi, yaani chembe inayoishi kitambo kidogo mno kabla ya kuvunjika. Mfano wetu: antiprotoni (pacha wa protoni mwenye chaji hasi) inasimama ndani ya hidrojeni ya kimiminika, inaangamizana na protoni, na zinatoka pioni tatu zisizo na chaji; pioni ni chembe nyepesi. Jaribio la Crystal Barrel, kwenye mashine ya LEAR kule CERN, lilikusanya matukio haya kwa mamia ya maelfu. Humo ndimo ilimojipambanua resonansi f0(1500) (0 ni spini yake, yaani mzunguko wake wa ndani, na 1500 ni takriban tungamo lake kwa MeV, kizio cha nishati), ambayo hadi leo wataalamu wanajadili kama ina gluoni zaidi kuliko kwaki.

Hatua ya 1: Zipate pioni. Kila pioni huvunjika papo hapo na kutoa fotoni mbili, kwa hiyo kigunduzi kinaona fotoni sita. Fotoni sita huoanishwa kwa njia 15. Zijaribu zote, uchague ile ambayo tungamo la kila jozi linakaribia MeV 135, tungamo la pioni. Kisha rekebisha vipimo ili nishati na momenta zihifadhiwe. Tukio lisilokubali masharti hayo, litupe. Kama huna data halisi, buni matukio kwa kompyuta. Hatua zinazofuata hazibadiliki.

Hatua ya 2: Chora mchoro wa Dalitz. Kwa kila jozi ya pioni tafuta tungamo la pamoja kutokana na nishati na momenta zao, ulipandishe kipeo cha pili. Mhimili mmoja uwe jozi ya pioni ya kwanza na ya pili, mhimili mwingine jozi ya pioni ya kwanza na ya tatu. Pioni zinafanana, kwa hiyo kila tukio liingie mara sita. Kabla hujaendelea, jumlisha vipeo vya pili vya jozi zote tatu: lazima upate 3.576 kwa vizio vya GeV mraba. Usipopata, rudi nyuma, kuna kosa kwenye programu yako.

Kama pioni zingetoka bila kushikana njiani, nukta zingetapakaa sawasawa. Hazitapakai. Utaona mkanda karibu na 1.63, ndiyo f2(1270), na mwingine karibu na 2.25, ndiyo f0(1500).

Hatua ya 3: Andika amplitudi, namba changamano ambayo ukubwa wake ukipandishwa kipeo cha pili hutoa uwezekano wa tukio. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo twende polepole. Kila resonansi ina kipengele cha Breit-Wigner:

1 / (m0² − m² − i·m0·Γ)

Hapa m ni tungamo la jozi ya pioni, m0 ni tungamo la resonansi na Γ ni upana wake. Kwa f0(1500) upana ni takriban MeV 110. Kizidishe kwa kipengele cha pembe. Spini 0 haichagui pembe. Spini 2, tukianza na hali ya spini sifuri, hutoa 3cos²θ − 1, θ ikiwa pembe kati ya pioni moja ya jozi na pioni ya tatu, ukitazama pale jozi ilipotulia; ndiyo maana mkanda wa f2 umejaa mwishoni kuliko katikati, na una mapengo pale cos²θ inapokuwa theluthi moja.

Sasa jumlisha namba changamano za resonansi zote, kwa jozi zote tatu, *kisha* ndipo utafute ukubwa na kuupandisha kipeo cha pili. Ukianza na vipeo, umeua mwingiliano. Ni kama mawimbi yanapokutana kwenye Mkondo wa Pemba: pengine yanainuana, pengine yanazimana. Kilele kwenye histogramu kinaweza kuwa mazao ya makutano tu, bila resonansi yoyote.

Resonansi mbili zenye spini ileile zikipandana, jumla ya Breit-Wigner haitoshi. Tumia matriki ya K, njia ya kuziunganisha bila uwezekano kupita kiasi. Na kwa f0(980), iliyo jirani na kizingiti cha kaoni mbili (nishati ya chini kabisa ya kuzizaa kaoni, chembe nzito kuliko pioni), tumia umbo la Flatté, yaani Breit-Wigner iliyorekebishwa kwa ajili ya kizingiti hicho.

Hatua ya 4: Fiti, yaani linganisha amplitudi na data. Tumia iminuit, maktaba ya Python ya kufanya kazi hiyo, bila kugawa data kwenye vikapu vya histogramu. Awamu (pembe ya namba changamano) ya resonansi moja iwe sifuri. Nyingine zipimwe kutoka hapo. Anza kutoka sehemu nyingi tofauti, na uhifadhi matokeo kila baada ya muda, maana umeme ukikatika usiku kazi inapotea.

Hatua ya 5: Ihoji resonansi. Iondoe f0(1500), fiti upya, uone ulinganifu umeporomoka kiasi gani. Ibadilishe iwe spini 2, fiti tena. Chora amplitudi yake kwenye ndege ya namba changamano: awamu lazima ipande na kupita nyuzi 90 kwenye m0. Baada ya hapo itafute kwenye maangamizano yanayotoa chembe nyingine, hasa eta mbili (eta ni chembe isiyo na chaji, nzito kuliko pioni) na pioni moja, kwa tungamo na upana uleule.